Kikapu Kilichopita Kwanza

Mimi kazi yangu ni kupeleka chai mezani katika hoteli moja ya barabarani pale Salama, Makueni. Shule niliachia kidato cha pili, lakini kuandika sikuacha. Naandika vichekesho nyuma ya kalenda za zamani, halafu nawajaribia madereva wa malori wakisubiri chapati. Dereva akicheka mpaka akasahau kupuliza chai yake, naweka alama ya tiki. Akiuliza "Halafu?", nafuta.

Redio ya hoteli huwa wazi tangu asubuhi hadi tufunge. Humo ndimo nilimosikia kwamba kuna mashindano ya kuandika vichekesho huko Kitui, ya kuandika papo hapo mbele ya watu. Unapewa mada, unapewa saa moja, kisha waigizaji wanasoma ulichoandika na watu wanakusikiliza ukiwa umekaa hapo hapo. Mshindi angerekodiwa mchezo wake usikike katika redio hiyo hiyo, na angeitwa kuandika kipindi kwa miezi mitatu. Niliposikia hivyo nilimwaga maziwa. Nilitaka kitu hicho kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine chochote, na nilikitaka nikiwa na trei mkononi.

Nilituma mchezo wangu kwa simu. Wiki mbili baadaye wakaniambia nimo katika watatu wa mwisho. Mwenye hoteli akanipa siku mbili za ruhusa. "Ukishindwa," akasema, "usirudi umenuna. Wateja hawapendi chai ya mtu aliyenuna."

Nilifikia kwa binamu yangu, msichana wa rika langu anayeshona nguo Kitui mjini. Yeye ndiye mtu pekee niliyemjua katika mji mzima. Asubuhi alinipigia pasi blauzi huku akinihubiria. "Ukifika pale usitabasamu sana. Utaonekana umetoka Makueni jana."

"Si nimetoka Makueni jana?"

"Ndiyo, lakini wasijue!"

Mashindano yalikuwa katika ukumbi wa kanisa, kwa sababu ndio ukumbi uliokuwa na mabenchi ya kutosha. Mlangoni kila mtu aliyeingia alipewa punje moja ya ndengu, yaani choroko. Hiyo ndiyo ilikuwa kura yake. Nusu ya alama zingetoka kwa majaji na nusu kwa ndengu. Akina mama wanaohudumu kanisani siku ya Jumapili, wale wa vitambaa vyeupe kichwani, walikuwa wamejitolea kupitisha vikapu.

Washindani tulikuwa watatu. Mimi. Mwanafunzi wa chuo aliyekuja na kamusi. Na kinyozi kutoka Migwani, mwanaume mwembamba aliyekuwa na nywele ndefu kuliko wateja wake wote, nadhani. Tulipokuwa tunasubiri aliniambia kwamba yeye hujaribu vichekesho vyake kwa watu anaowanyoa ndevu. "Shida ni moja," akasema. "Akicheka vizuri namkata."

Jaji mkuu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alitia mkono kwenye mfuko akatoa karatasi. Mada: Wageni Wamefika Mapema. Saa ikaanza.

Sikuwaza mara mbili. Kwetu, kijana akitaka kuoa, watu wake huleta mbuzi watatu kwa kina msichana, ndiyo ntheo. Basi nikaandika wageni wa ntheo walioambiwa saa nne wakafika saa mbili, wakati viti bado vinaazimwa kwa jirani. Jirani mwenyewe anafuata viti vyake, anasema amekuja tu kuona kama viko salama. Anasimama nyuma ya mzee wa wageni. Kila mzee akiinuka kidogo kumsalimu mtu, huyo mama jirani anavuta kiti. Mwisho mzee anazungumza habari ya mbuzi akiwa amesimama, na wenyeji wanadhani ni hasira, wanaanza kumbembeleza.

Waigizaji waliposoma, niliketi kando ya jukwaa nikiwa nimekalia mikono yangu. Mwanzoni, kimya. Mtu akakohoa. Mbuzi wakafungwa, salamu zikatolewa, bado kimya, nikasema moyoni, Mungu wangu, hii barabara ya kurudi Salama ni ndefu. Kisha kiti cha kwanza kikavutwa. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Aiya! Huyo ni wa kwetu!" na ukumbi ukapasuka.

Kinyozi yeye aliandika familia inayoona wageni kwa mbali, wote wanajificha, lakini wanamsahau nyanya. Nyanya anawapokea wageni vizuri kabisa. "Wamesema niwaambie hawako. Yule mkubwa yuko chini ya kitanda. Karibuni, mnakunywa chai?" Mimi mwenyewe nilicheka mpaka nikasahau kwamba nashindana naye. Mchezo wa mwanafunzi ulikuwa na Kiswahili kizuri sana, na watu waliusikiliza kwa heshima, na heshima si kitu unachotaka kupewa katika kichekesho.

Majaji wakasema yao. Mwalimu alinitazama juu ya miwani. "Binti wa Salama, mwanzo wako mrefu. Kabla mbuzi hawajafungwa mimi nilikuwa nimesafisha miwani, nimeikunja, nimeirudisha. Lakini yule mama jirani ni mtu kamili. Namjua. Ana kisu changu hadi leo." Kati ya thelathini walinipa ishirini na tatu. Kinyozi ishirini na tano. Mwanafunzi ishirini na mbili. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kimebaki kwa ndengu.

Vikapu vilikuwa vitatu, vimefungwa utepe: chekundu changu, cha buluu cha kinyozi, cha njano cha mwanafunzi. Mshereheshaji alieleza kwenye maiki kwamba kila mtu aweke punje yake katika kikapu cha mtu aliyemchekesha zaidi. Akina mama wakachukua vikapu, wakaanza. Kikapu chekundu kikapita benchi la kwanza, la pili, la tatu, hadi nyuma kabisa. Kiliporudi, ndipo cha buluu kikaondoka.

Nilikiona chekundu kikirudi. Punje zilikuwa zimefunika kitako chake chote, na mama aliyekibeba alikishika kwa mikono miwili zisimwagike. Cha buluu kilikuja na punje chache chini. Cha njano kilikuwa na punje chache pia, peremende mbili na kifungo cha shati. Watu waliangaliana wakacheka. Mshereheshaji akaruka juu. "Mmeona wenyewe! Hata kuhesabu ni kupoteza wakati! Makueni imetuvamia!" Makofi yakapigwa, na binamu yangu akasimama juu ya benchi akipiga vigelegele. Kinyozi alinipa mkono. Alitabasamu vizuri, lakini mkono wake ulikuwa baridi.

Majaji walijikusanya kujumlisha. Mimi niliona kiu, nikashuka kwenda nyuma ya ukumbi kunywa maji kwenye mtungi. Pale benchi la mwisho alikuwa ameketi mama mmoja mzee mwenye leso ya maua. Akanivuta mkono.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, hongera."

"Asante, mwaitu, mama yangu."

"Nikuambie kitu? Usikasirike." Akainama karibu. "Mimi nilimtaka yule wa nyanya. Lakini kikapu chako ndicho kilikuja kwanza. Sasa mimi nitaachaje kikapu kipite mbele yangu kanisani na nina kitu mkononi? Mkono uliingia wenyewe. Kile cha pili kilipofika, ndengu imeisha." Akacheka akifunika mdomo. "Mzee wangu hapa naye hivyo hivyo. Lakini ni sisi tu."

Haikuwa wao tu. Nilitazama ukumbi ule nikaelewa. Watu waliokulia kwenye mabenchi yale, tangu wakiwa wanabebwa mgongoni wamefundishwa kwamba kikapu cha sadaka kikipita hukiachi kiende hivi hivi. Mtu akaja na maiki akawaambia wachague. Maiki ni ya leo, mkono ni wa miaka yote. Na kila mmoja alikuwa amekaa pale akidhani ni yeye peke yake aliyekosea, ndiyo maana hakuna aliyesema.

Nilitamani nisingeona kiu.

Nilisimama pale na kikombe. Sitasema uongo, niliwaza kunyamaza. Niliwaza redio. Niliwaza madereva wakiacha kupuliza chai. Nikajiambia, kwani ni mimi niliyepanga vikapu? Lakini nikamwona kinyozi. Alikuwa kando ya jukwaa anakunja karatasi zake pole pole, anazilainisha kwa kiganja kama mtu anayelaza mtoto. Na yule nyanya wake alikuwa amechekesha kuliko jirani wangu. Hilo nililijua mwilini, kwa sababu mbavu zangu bado ziliuma.

Nilirudi mbele nikamshika mshereheshaji mkono wa shati. Nikamweleza. Alinitazama kama mtu aliyeletewa chai yenye chumvi.

"Dada. Umeshinda."

"Najua."

"Sasa unakataa kushinda?"

"Sikatai. Nataka wapige kura tena."

"Kwaya inaingia hapa saa kumi na moja! Na wewe unataka wapige tena?"

Mwalimu alisikia. Akachukua maiki, akasimama kimya mpaka ukumbi ukatulia, kama darasa. "Nitauliza swali," akasema, "na mko kanisani, kwa hiyo msidanganye. Ni nani aliyeweka ndengu katika kikapu cha kwanza kwa sababu tu kilikuwa cha kwanza?"

Yule mama wa leso ya maua akainua mkono. Mzee wake akainua. Benchi zima likainua. Mikono ikapanda mbele, kando, nyuma, mpaka mmoja wa wale akina mama wa vikapu naye akainua wake, maana alikuwa ameweka punje yake humo kabla hajaanza kupitisha. Kicheko kilichotoka hapo, hakuna mmoja wetu aliyekuwa amekiandika. Watu walishikana mabega. Mwanafunzi wa chuo alikuwa amefungua kamusi, lakini nadhani alikuwa anaficha uso tu.

Ndengu zikagawanywa upya. Safari hii vikapu viliwekwa juu ya ukuta mfupi nje, na watu wakatoka kwa mstari, kila mmoja akisimama mbele ya vyote vitatu. Sisi tuliambiwa tusimame mbali, chini ya bomba la paa, tusimtazame mtu. Mimi nilitazama. Mama wa leso ya maua alifika, akaniona, akaweka yake katika cha buluu, halafu akanifanyia ishara ya mikono miwili, kama kusema, sasa ningefanyaje?

Mwalimu alihesabu mwenyewe, kwa sauti. Kinyozi sabini na nne. Mimi sitini. Mwanafunzi arobaini na moja. Kinyozi aliinuliwa juu na watu wa Migwani waliokuja naye, akapiga kichwa kwenye lile bomba la paa, akashushwa, akaja moja kwa moja hadi kwangu. Alinishika mikono yote miwili, na sasa yake ilikuwa na joto. Nilifurahi, na pia nilitaka kulia, basi nikafanya vyote kidogo kidogo.

Watu walipotawanyika nilikwenda kukaa kwenye ngazi. Binamu yangu akaja akaketi kando yangu, akanipa ndizi. Kwaya ilikuwa imeanza kupasha sauti ndani.

"Usilie. Blauzi ni yangu," akasema.

"Silii. Nahesabu. Sitini, nikitoa wewe ni hamsini na tisa. Watu hamsini na tisa wasionijua kabisa, wametoka hadi juani, wakasimama, wakachagua mimi."

Binamu yangu alimenya ndizi yake pole pole sana.

"Usinitoe," akasema mwishowe.

"Kwa nini?"

"Mimi nilimpigia kinyozi." Akafunika uso kwa mkono. "Yule nyanya! Pole, lakini yule nyanya!"

Nilimpiga bega, akapiga kelele, kwaya ikanyamaza kutusikiliza. Sitini, basi. Wote sitini.