Kopo la Mama Caritas

Mama Caritas hupima maharage yake sokoni Kakuma kwa kopo la bati ambalo wateja wamelichoka kwa udogo. "Ejok, mama! Hiyo kopo yako inatuibia," Akal, jirani yake wa Kiturkana, humsalimu na kumtania kila akija, naye humwongezea punje mbili tatu ili anyamaze. Ubavuni mwa kopo kuna nembo ya jeshi, na si jeshi la kwao Kongo. Ni la nchi jirani, ile ile iliyoapa redioni kwamba waasi wa milimani haiwajui kabisa.

Alilikuta uani asubuhi waasi walipomuua mumewe, Magloire, mwalimu aliyekataa kuwabebea masanduku. Walikula, wakatupa makopo, wakaenda zao. Caritas alimfunga mtoto, Sylviane, mgongoni, akaokota kopo moja la kunywea maji njiani, akakimbia.

Kosa lake alilifanya siku ya kwanza hapa Kakuma, kambini kwa wakimbizi. Mkalimani, kijana aitwaye Serge, alifungua kinywa na lafudhi ikawa ya wale wale waliomuua Magloire. Caritas akaingiwa na hofu. Alipoulizwa nani alimuua mumewe, alisema, "Majambazi tu." Likaandikwa. Na kesi ya kuhamia ng'ambo husimama juu ya maneno ya siku hiyo. Ukiyageuza, wewe mwongo, na mwongo hapelekwi popote.

Mwaka wa tatu Serge alikuja kununua maharage. Alipoliona kopo, alichuchumaa.

"Mama Caritas, masanduku ya hizi kopo waasi balinibebesha kwa mgongo, siku tatu, toka mpaka. Ndugu yangu balimuua njiani."

Kumbe mtu aliyemwogopa miaka yote alikuwa mwenziwe katika msiba! Tofauti ni kwamba Serge alisema kweli tangu mwanzo. Leo yuko Kanada. Caritas ndiye aliyemkaangia sambusa za kumuaga, na usiniulize kama alilia kwa furaha. Alilia kwa wivu.

Miaka kumi na mbili sasa. Hata Lodwar, saa mbili tu kwa gari, haendi bila kibali. Ndipo jina lake likabandikwa ubaoni: mahojiano ya kuhamia ng'ambo. Aliosha kopo, akalitia mkobani.

Afisa alikuwa mpole, na upole wake ukazidi kumtia hofu. Alifungua faili. "Mama, waliomuua mume wako walikuwa nani?"

Mkono wa Caritas ulikuwa mkobani, kidole juu ya nembo. Akisema kweli, faili litamkana. Nje, Sylviane alikuwa amekaa kwenye benchi na sare yake ya shule, akimsubiri.

"Majambazi," alisema.

"Vizuri. Maneno yako hayajabadilika." Afisa aliandika, kisha akainua uso. "Ripoti zinasema majambazi wa kwenu walishakamatwa. Sasa mama, kinachokuzuia kurudi nyumbani ni nini?"

Caritas alilikamata kopo mle mkobani, kidole kikiwa bado juu ya nembo.