Filamu Iliyomnyamazisha Mama

Mtu akiniambia kwamba mama yangu alikuwa mwanamke mkimya, namwangalia tu, maana nikifungua mdomo nitamtukana. Majirani zetu wote wa Rugu, Karagwe, wanajua. Mama aliongea na kuku, aliongea na migomba, aliongea hata na sufuria iliyochelewa kuchemka. Baba akizidiwa alikuwa anamwambia apumzishe ulimi, bado atauhitaji kesho, naye mama anamjibu hotuba nzima. Ndivyo walivyoishi, na sikumbuki siku nyumba ile ikiwa kimya.

Sasa mama huyo huyo amepigiwa makofi Dar es Salaam kwa ukimya wake. Nilikuwepo.

Ilianza msimu wa kuchuma kahawa, alipokuja kwetu mwongozaji wa filamu, kijana mpole kutoka Vietnam, pamoja na mpiga picha wake. Kijijini walimwita Mchina. Alikanusha mpaka akachoka, mwishowe akawa anaitika. Bibi yake huko kwao analima kahawa kama sisi, na alitaka kutengeneza filamu ya wakulima wawili, bibi yake na mkulima mmoja wa Karagwe. Hakuwa na kampuni nyuma yake, alijitegemea. Mimi nafundisha shule ya msingi Rubwera, na kwa kuwa ilikuwa likizo, nikawa mkalimani kwa Kiingereza changu cha ubaoni.

Sharti lake lilikuwa moja. Mama asiangalie kamera, afanye kazi zake kama vile hakuna mtu. Nilipomtafsiria, mama aliacha kumenya ndizi akaniangalia vizuri.

"Huyu mgeni anaumwa?"

"Haumwi, mama. Ndiyo kazi yao ilivyo."

"Ameingia kwangu, amekalia kigoda changu, halafu nijifanye hayupo? Amenikosea nini?"

Basi kila kamera ilipowashwa, mama anaigeukia. Umekula? Kwenu hawajambo? Mbona umekonda hivyo, mama yako anakuona kweli? Yote hayo kwa Kinyambo, lugha yetu, na anayeulizwa haelewi hata neno. Mwongozaji ananiomba nimkumbushe, namkumbusha, mama anaitikia vizuri kabisa, kisha anaanza upya. Mimi nilikuwa nacheka. Niliona ni vituko vya mama, sikujua kama kuna hukumu inaandaliwa.

Siku moja mama alileta kahawa ya kutafuna. Ni zile buni tunazozichemsha na majani yenye harufu nzuri, tukazikausha, na mgeni akiingia ndizo zinazotangulia kabla ya kitu kingine chochote. Alizimimina kiganjani, akanyoosha mkono mpaka karibu na kioo cha kamera. "Kaije," akasema, yaani karibu. Mpiga picha hakupokea kwa sababu mikono yake ilishika kamera. Mama hakurudisha mkono. Alimsubiri huku akimsimulia mti uliozaa buni zile ulivyopandwa na mama mkwe wake, na jinsi baba alivyotaka kuukata wakagombana, mpaka mkono ukaanza kutetemeka. Mwishowe nilizichukua mimi nikatafuna.

Mama alifariki ghafla, presha, wageni wakiwa wameshaondoka na filamu yao haijakamilika. Wakati huo macho ya baba yalikuwa yameshazima kabisa. Sisi watoto tulikuwa na picha za mama chungu nzima kwenye simu, mama kanisani, mama kwenye harusi, mama na mkungu wa ndizi. Sauti hatukuwa nayo. Mama mwenyewe alitumia kitochi, simu ya kupiga na kupokea tu, na sisi nani angewaza kurekodi kitu kilichokuwa kinatusumbua kutwa nzima? Baba akawa anashika zile simu zetu, anatulia nazo mkononi, halafu anazirudisha.

Ndipo mwongozaji akaniandikia. Filamu imekubaliwa kwenye tamasha la filamu huru za Asia jijini Dar es Salaam, na mimi nimealikwa, nauli juu yao. Nilimsomea baba. Akasema, "Nenda. Picha sina kazi nazo. Niletee sauti."

Nilisafiri na hiyo sentensi. Nilichaji simu mpaka ikajaa, nikafuta picha nyingi ili kuwe na nafasi.

Ukumbi ulikuwa na kiyoyozi kikali, watu wamevaa vitambulisho shingoni, na mlangoni kulikuwa na meza ya kahawa iliyokaangwa na kusagwa. Nilikaa mbele, simu mapajani, inarekodi. Alianza bibi wa Vietnam. Aliongea, na tafsiri ikawa inapita chini kwenye skrini. Alilalamikia magoti, akamsema mkwe wake kwamba anachuma kahawa kama mtu anayeogopa kuumwa na nyuki. Ukumbi ulicheka, na mimi nilicheka. Nilimpenda yule bibi, nikasema moyoni huyu na mama wangeelewana.

Kisha vikaja vilima vyetu. Kibanja chetu cha migomba, mlango wa jiko, na mama anamenya ndizi. Ukaanza muziki wa chombo fulani cha nyuzi, wa polepole. Nikasogeza simu mbele. Mama alipotaka kuinua uso, picha ikahamia kwenye mikono. Mdomo wake ulipoonekana unafunguka, picha ikaenda kwa kuku. Nikajipa moyo kwamba sauti itakuja, labda wanaichelewesha makusudi.

Kilichokuja ni kiganja. Kilijaa skrini nzima, kinatetemeka, buni zikiwa katikati, na ule muziki juu yake. Mwanamke aliyekaa karibu nami alifuta machozi. Kisha taa zikawaka na watu wakasimama wakipiga makofi.

Kipindi cha maswali, mzee mmoja mwenye miwani alisema kwamba mkono ule wa mama wa Kiafrika, unaoomba bila neno lolote, umemgusa kuliko filamu zote za tamasha. Nikamwangalia mwongozaji. Nilingoja amsahihishe. Akamshukuru.

Nilinyoosha mkono mpaka wakanipa kipaza sauti, nikasema kwa Kiswahili, bila heshima nyingi, "Yule haombi. Anakukaribisha wewe, na wewe hukupokea. Na hakuwa kimya, mmemkata." Mwendesha kipindi alinishukuru kwa hisia zangu, akasema muda umekwisha.

Hisia zangu. Mpaka leo hilo neno linaniudhi.

Mwongozaji alinifuata koridoni. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba mama kila mara alikuwa anawaongelesha wao waliokuwa nyuma ya kamera, na hilo linaharibu filamu. Bibi yake alijua kujifanya hawapo. Nikamwambia sawa, filamu ni yako, nipe ile sauti mliyoikata, baba yangu anaisubiri. Akainamisha kichwa. Walikuwa wamebakiza tu kilichotumika, kingine walifuta wapate nafasi ya kazi nyingine. "Pole," akasema kwa Kiswahili, neno nililomfundisha mimi mwenyewe. Aliumia kweli, nililiona hilo. Sijamsamehe, na siko kwenye haraka ya kumsamehe.

Nilipofika Rugu, baba alikuwa barazani, ameshavaa koti la kanisani. Nilimwamkia, akaitikia juujuu, akanyoosha mkono. "Weka."

Niliwasha ile rekodi, nikamwekea simu mkononi. Bibi wa Vietnam akaanza kuongea.

"Huyu nani?"

"Bibi yake yule mwongozaji."

"Anaongea vizuri," akasema, akamsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza. Muziki ukaingia. "Na mama yako?"

"Hapo ndipo alipo, baba. Anamenya ndizi."

Aliibandika simu sikioni, akaziba sikio la pili kwa kidole. Muziki ukapita, wote, mpaka kwenye makofi.

"Wanampigia nani?"

"Mama."

"Alisema nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba wamemkata, hasemi kitu.

"Mama yako?" Alitaka kucheka. "Haiwezekani. Labda amesema kwa chini. Rudisha pale kwenye ndizi."

Nikarudisha. Alisikiliza, akanipa tena simu, akasema nirudishe.