Miguu Myekundu ya Watasema

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, kuanzia kijijini kwetu mpaka Namanyere hapakuwa na mtu wa kunizidi kutunga mambo. Shule niliishia darasa la tano, lakini mdomo ulikuwa na digrii. Najisifu kidogo, na naona aibu pia, maana mdomo huo nusura umwangamize bibi yangu.

Tulikuwa na mbwa anaitwa Watasema. Bibi ndiye aliyempa jina hilo, babu alipofariki na majirani wakaanza kunong'ona kwamba yeye mbona bado ana nguvu za kulima. Alikuwa mbwa mweusi, miguu yote minne myeupe kama amevaa soksi za shule. Mwaka mmoja, mwezi wa sita, baridi ya Ufipa ikiwa imeshika na ukungu hauondoki mpaka saa nne, akaanza kujikuna. Manyoya yakamtoka kuzunguka macho, ikabaki miduara miwili ya ngozi tupu. Akijikuna, mguu ulikuwa ukigonga mlango wetu wa mbao: ko, ko, ko. Wapita njia walisikia mlango unabishwa ndani ya ukungu, na anayeubisha hawamwoni. Kisha akaanza kulamba miguu, asubuhi mpaka jioni, na zile soksi nyeupe zikageuka nyekundu kama kutu. Nilipoiona rangi ile mara ya kwanza, nilidhani ni damu.

Mtoto mwingine angeogopa akanyamaza. Mimi habari hiyo niliipeleka shuleni.

"Mbwa wetu anaona wachawi," niliwaambia wenzangu. "Ndiyo maana macho yake yako vile. Na miguu, amekanyaga damu kwenye kikao chao."

"Kikao kiko wapi, Gaude?"

"Nyie! Nikiwaambia mtalala kweli?"

Wakanipa mapera mawili. Nikawaambia kiko nyuma ya ghala letu la ulezi.

Bibi alizipata habari hizo. Alikuwa anapepeta, wala hakuinua kichwa. "Gaude, huo mdomo wako utaniletea watu mlangoni."

Baada ya hapo Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, akamwazima Watasema mwezi mzima alinde ndama. Alirudi manyoya yamejaa, soksi nyeupe pe. Tukafurahi. Siku ya nne nikasikia mlangoni: ko, ko, ko.

Watu wakaanza kusema. Kwa Masanja amepona, hapa anaugua, basi hiyo damu iko hapa. Na hapa palikuwa na watu wawili tu, mtoto na mwanamke mzee ambaye moshi wa jikoni ulikuwa umemfanya awe na macho mekundu, na kwetu macho mekundu watu huyaita ya mchawi.

Juma hilohilo Projesti, mtoto wa jirani, akashikwa na homa. Watu walikuja kwetu asubuhi, ukungu haujaondoka. Niliwaona wakitokea polepole, kwanza miguu, kisha fimbo, kisha sura. Mbele yao mama yake Projesti.

"Shikamoo, bibi," akasema, kwa adabu kabisa. "Tumekuja kukwambia uhame. Leo."

"Marahaba. Nihame kwa kosa gani?"

"Mjukuu wako mwenyewe kasema. Mnakaa kikao nyuma ya ghala."

Nilitaka kusema nimetunga. Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu haukutoa kitu.

Bibi hakulia. Siku mbili kabla alikuwa ameshakwenda kwa Masanja kumuuliza alimpa mbwa dawa gani, akajibiwa, "Dawa ipi, mama? Ugali na maziwa tu." Nyumbani kwetu Watasema alikuwa akila dagaa. Mjomba alianza kutuletea gunia kutoka Kirando mwaka uleule, na Bibi alimchemshia mbwa vichwa vya dagaa hao kila siku kwa kumpenda.

"Mchukueni mbwa," akawaambia. "Afungwe kwa Mama Projesti, ale wanachokula wao. Mimi sitakanyaga huko. Manyoya yakirudi, nunueni dagaa wenu, mpike kwa chungu chenu na maji yenu, mmpe. Miguu ikibaki myeupe, nitahama bila kusukumwa."

Mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuja nao, alikubali. Sidhani kama ni hekima, nadhani baridi ilimzidi.

Majuma yakapita. Projesti akapona kwa vidonge vya zahanati, na hakuna aliyelitaja hilo. Watasema naye akapona. Wakampa dagaa. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya, na Bibi akafunga blanketi na sufuria ndani ya kanga, akaviweka karibu na mlango. Asubuhi ya tatu ukungu ulikuwa mzito hata nyumba ya Mama Projesti, hatua chache tu kutoka kwetu, sikuiona. Nikasikia huko, kwenye mlango usio wetu: ko, ko, ko.

Kisha Mama Projesti akapiga ukelele. "Jamani! Miguu!"

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Haya," akasema taratibu. "Sasa mwambieni na yeye ahame."

Hakuna aliyekuja kuomba radhi. Walimrudisha mbwa tu, na Bibi akafungua kanga yake.

Siku hizi nakaa mjini, mtaa wa Chanji. Mwaka jana paka wangu alijikuna shingo ikabaki bila manyoya. Bwana mifugo akasema ni mzio. Tuanze na viroboto, maana mara nyingi ndio wenyewe. Ikishindikana, apewe chakula cha aina moja tu kwa majuma manane, asidokoe kingine, halafu tumrudishie kile cha zamani tuone. Nilicheka mpaka akaniuliza kama mimi mwenyewe ni mzima.

Kuna jambo moja hakuweza kunijibu. Watasema, hata alipoishi miaka bila dagaa, mzima kabisa, kila asubuhi alikaa akitazama nyuma ya ghala, masikio yamesimama, palepale nilipoweka kikao mimi. Sikumfundisha. Na hapo siongezi chumvi.

Juzi watoto wa mtaani walimzunguka paka wangu. "Mama, huyu shingo imefanya nini? Anaona vitu?"

Hadithi ilikuwa imeshafika ulimini, tamu, mpaka na mwisho wake. Ng'ambo ya ua, jirani yangu mjane alikuwa ameketi mbele ya jiko lake la kuni, anapangusa macho yake mekundu, anatusikiliza.

"Anawashwa tu," nikawaambia. "Nendeni mkacheze."