Siku Mama Alipokaa Kwenye Ngazi za Mnara

Mama alikuja kunitembelea Stockholm na mabegi mawili, moja la nguo zake na moja la vitu alivyoambiwa kwamba huku havipatikani, na vyote vinapatikana. Alikaa kwangu Jakobsberg miezi mitatu ya viza. Tulizungumza kila kitu: bei ya sukari, ndoa za watu, magoti yake, mjukuu wake anayemjibu kwa Kiswidi halafu anashangaa bibi haelewi. Juu ya baba hatukuzungumza.

Baba alifariki miaka mitano iliyopita na mimi, kifungua mimba wake, sikwenda kumzika. Ombi langu la kuongezewa kibali cha kuishi lilikuwa bado halijajibiwa, na kama ningetoka nje ya nchi huenda nisingeruhusiwa kurudi. Hivyo ndivyo nilivyowaambia nyumbani, na ilikuwa kweli. Mazishi niliyatazama kwenye simu, nimekaa chumba cha mapumziko kazini, uwanja wa ndege, na fulana ya kazi mwilini, picha inakatika kila dakika. Tangu siku hiyo nilitaka kujua jambo moja tu: kama mama ana kinyongo na mimi. Kumwuliza nikashindwa. Mtu mzima, mvi zimenijaa, namwogopa mama yangu kama mtoto aliyevunja sahani.

Wazo la kwenda kanisa kuu la mji wa kale lilikuwa lake. Aliliona kwenye kalenda niliyotundika jikoni, akauliza kama lile lina kengele. Nikamwambia zipo, na kwamba siku nyingine watu hupandishwa mnarani kuziona. Akasema basi twende. Nikamkumbusha magoti. Akasema magoti ni yake.

Baba hakuwa mchungaji wala mzee wa kanisa. Alikuwa fundi viatu, na kanisani kwetu Taita ndiye aliyekuwa mpiga kengele, kazi aliyoirithi kwa babu. Kila Jumamosi jioni alinichukua tukapaka grisi ule mhimili unaobeba kengele. Nilipokuwa na miaka kama minane alinifundisha kuvuta. Usivute kwa mikono, alisema, vuta kwa mwili wote, kisha iachie irudi yenyewe. Siku ya kwanza kamba ilinipandisha nikaning'inia, naye akacheka mpaka akakaa chini. Jumapili alfajiri nilikuwa namsikia akitafuta kiatu kimoja gizani, yeye fundi viatu, halafu mlango, halafu kimya cha muda wa kupanda kilima. Nilikuwa sipati usingizi tena mpaka aipige. Hadi leo, Jumapili ambayo siendi kazini, huamka saa ile ile na kusikiliza, ingawa kinachosikika ni treni tu.

Basi tukaenda. Ndani ya kanisa mama alisimama katikati ya nguzo za matofali mekundu, akainua shingo kuangalia matao ya dari yanavyokutana kwa ncha kule juu. Akasema waliojenga hapa hawakuwa na haraka. Mtakatifu wa mbao aliyepanda farasi, anayeua joka, hakumpendeza. Alimwonea huruma farasi. Tulikuwa watu kumi na wawili kwenye kundi, pamoja na mwongozaji, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Ngazi zilikuwa nyembamba na za kuzunguka. Mama alipanda mbele yangu, akipumzika kila baada ya hatua chache, nami nyuma nikiomba radhi kwa Kiswidi kwa watu waliokuwa hawajalalamika.

Karibu na nusu ya safari mwongozaji alitusimamisha. Alisema kengele moja italia kidogo na tusubiri hapo hapo, kwa sababu juu kuna kelele nyingi. Ikalia. Pigo moja, kimya kirefu, pigo jingine.

Mama akakaa. Alikaa palepale kwenye ngazi, akaweka mkoba wake kando, akafunga mikono. Kwetu kengele ya ibada ni ya haraka. Ya polepole ni ya msiba. Ikilia hiyo, aliye shambani huweka jembe, aliye njiani hutua mzigo na kukaa, na hainuki mpaka ajue ni nani. Mimi hayo yote nayajua tangu utotoni. Lakini kengele ilipokwisha na watu wakataka kuendelea, mama kaziba njia nzima, nilichoona ni aibu yangu.

"Mama, inuka, watu wanataka kupita," nilisema, na si kwa sauti nzuri.

"Nani amefariki?"

"Sijui, mama. Huku hakuna anayejua. Inuka."

"Waulize."

Nikauliza, uso unawaka moto. Mwongozaji alinijibu kwa upole. Alisema ni kweli, ni kengele ya mtu wa kanisa hili aliyefariki, ila jina lake halijui. Alisema pia kwamba bibi asisumbuliwe, wao watapita taratibu, nasi tutawafuata tukiwa tayari. Wakapita mmoja mmoja, wameshikilia ukuta, wakimwomba radhi yeye. Nikabaki na mama yangu.

"Angalau mwenzake amepigiwa," alisema.

"Mwenzake nani?"

"Baba yako."

Nilidhani sikumwelewa. Akaendelea, hajanigeukia. "Mpiga kengele akifa, kamba inavutwa na mwanawe wa kwanza. Hilo unalijua. Walitaka avute mdogo wako, nikakataa. Mchungaji akaja kunibembeleza, nikamwambia mwenyewe yupo, yuko hai, atakuja. Tukamzika kimya."

Mimi kwenye simu sikusikia kengele siku ile, na nilifikiri ni mtandao. Miaka mitano nimeulaumu mtandao.

"Na watu wengine wakifariki?" niliuliza.

"Mdogo wako huwapigia. Wote wamepigiwa. Baba yako tu ndiye bado."

Nikakaa ngazi moja chini yake. Akauliza swali ambalo kila alipopiga simu nilikuwa najiandaa nalo.

"Hizo karatasi zako zilitoka?"

"Zilitoka."

"Lini?"

Ningeweza kumdanganya. Mama hajui ofisi za huku zinavyofanya kazi, angeniamini. "Miezi saba baada ya mazishi," nikasema.

"Kwa hiyo miaka yote hii hakuna kilichokuzuia."

"Hakuna, mama. Niliogopa. Nisipokwenda, kwangu ni kama bado yuko kilimani anavuta kamba."

"Kinyongo ninacho," akasema. "Usidhani sina. Cha mazishi nilikimaliza mwaka ule ule, serikali ni serikali. Ni hiyo miaka mingine. Kila Desemba nilikuwa nafagia chumba chako."

Nililia pale ngazini, kwa sauti, na Waswidi wa juu bila shaka walisikia. Nikamwambia anisamehe.

"Mimi nishakusamehe, kwani nitafanyaje? Lakini si mimi niliyezikwa kimya."

Baadaye alinyoosha mkono nimwinue, tukapanda zilizobaki. Kengele ilikuwa kubwa kuliko jikoni kwangu. Mama aliizunguka, akachungulia chini yake, akatafuta kamba asiione. Nikamwuliza mwongozaji, naye akasema siku hizi hupigwa kwa mota. Mama alimsikitikia sana yule marehemu asiyemjua, kwamba amepigiwa na umeme. Kisha akaniambia ya kwetu bado ina kamba, ile ile, na kwamba nikiivuta nisione haya watu wakitazama, kwa sababu watakuja wengi.

Tiketi niliinunua kwenye treni ya kurudi, kabla hatujafika kituo cha Spånga, ndege ile ile aliyokuwa anarudi nayo yeye. Likizo nilikuwa sijaomba. Mama alivaa miwani yake, akainama juu ya simu yangu, na hakuondoa macho kwenye kidole changu mpaka nilipobonyeza.