Tangazo Moja la Mama Pasi

Mama Pasi amekuwa akipiga pasi nguo za mtaa wetu tangu mimi navaa kaptula, na mkono wake wa kulia umekuwa mnene kuliko wa kushoto. Kwake nguo hazina siri. Anajua nani amenenepa, nani hana raha, nani anakwenda kazini na nani anaaga tu nyumbani. Lakini hasemi. Ukimchokoza atakwambia, "Mimi napiga pasi, sipigi umbea." Anaishi na mke wa marehemu mwanawe, mwalimu wa chekechea, na mtu asiyewajua angedhani ni mama na binti yake.

Mimi nina duka la fotokopi, na chini ya kaunta nimeweka mashine ya mtandao wetu wa mtaa. Ule mtandao mkubwa wa kijamii ulitushinda. Mwalimu alitafuta dawa ya fangasi wa kucha mara moja tu, na kwa kuwa nyumbani wanatumia intaneti moja, matangazo ya fangasi yakahamia mpaka kwenye simu ya mama mkwe. Kikulacho ki nguoni mwako. Huu wetu hauna tajiri. Kila mtaa una mashine yake, mashine zinasalimiana, na picha zako ni zako: unachagua nani azione, ukihama unahama nazo. Tangazo haliingii mpaka ulifungulie mlango. Mimi mwenye mashine sioni kitu, ila hakuna anayeniamini. Watu wananivuta pembeni kuuliza jirani kaficha nini, nikisema sijui, wananikonyeza.

Tulipomhamishia Mama Pasi kwenye mtandao huu, haikupita wiki akaja dukani amenuna.

"Wewe mtoto," akasema, na mvi zangu zote hizi, "umenihamishia makaburini?"

"Kuna nini, Mama?"

"Kule nilikuwa nikiamka nakuta salamu. Mtu wa sabuni, mtu wa bima, wote wananijulia hali. Huku kimya."

Kumbe alikuwa akiwajibu wote. Wa bima alikuwa na habari kamili za goti lake. Nikamweleza kwamba wale walikuwa wanauza tu.

"Na mimi nauza. Ndiyo nisisalimie wateja?"

Nikamwonyesha pa kuchagua matangazo anayoyataka. Akasema hilo si jambo la kufanya umesimama, akaenda kulifikiria nyumbani.

Siku chache baadaye akaja mwalimu, naye na lake. Fundi bomba wa barabara ya pili amemwomba wafunge ndoa. Walipiga picha pamoja, na mwalimu anataka kuwaonyesha ndugu zake walio mbali, lakini mama mkwe asiione. Nikamwonyesha jinsi ya kumficha. Kidole chake kikasita hewani.

"Zamani ningesema mtandao ndio umeficha," akasema. "Sasa akigundua, atajua ni mimi."

"Basi mwambie."

"Nitamwambiaje? Amemzika mwanawe, halafu na mimi nifunge mizigo? Atabaki na nani, na pasi? Akiumia hata kidogo, fundi bomba namwambia hapana."

Nilimwonea huruma kweli, maana alikuwa anampenda yule mtu. Akamficha mama mkwe, akaondoka kichwa chini.

Jioni ya Jumapili Mama Pasi akaniita kwake. Alikuwa amechagua tangazo, lakini halitokei. Mwalimu alikuwepo, anakunja nguo. Nikafungua simu nikitegemea kukuta sabuni na bima. Katika matangazo yote alikuwa ameruhusu aina moja tu: vitanda.

"Mama, kitanda chako kina nini?" mwalimu akauliza.

"Hakina neno. Kitabaki hapa hapa, mlangoni hakipiti." Akaendelea kunyoosha kola ya shati. "Tangu lini fundi bomba akaleta mashati yapigwe pasi kila siku? Tena yote yana chaki mabegani. Mabomba siku hizi yanaandikwa kwa chaki?"

Mwalimu akaangusha nguo zote alizokunja.

"Nilikuwa nangoja uniambie," Mama Pasi akasema, "nikaona nitazeeka zaidi. Mwanangu amekufa, wewe hujafa. Nimekwenda kwa huyo fundi kumpelekea mashati, nikatazama nyumba. Chumba cha nyuma kinapata jua la asubuhi, hicho nimekichukua. Ila hakina kitanda, na mimi kwenye kochi la mtu silali."

Mwalimu alimkumbatia akalia kwa sauti, na pasi ilibidi niizime mimi kabla shati halijaungua. Nikaanza kunyata kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" Mama Pasi akaniuliza juu ya bega la mkwewe. "Wafungulie na watu wa magodoro."