Kopo la Makaa Kutoka Kamanyola

Niliondoka Bukavu kwa hasira. Gari nililoachiwa na marehemu mume wangu, teksi inayonilisha mimi na watoto, lilikuwa likinuka petroli hata abiria wakipanda wanashuka hapohapo wakiziba pua. Shemeji yangu Deo, mdogo wa marehemu, akatangaza mbele ya familia kwamba likiwa bado linanuka Jumapili, atachukua funguo ampe dereva mwanaume. Nikamjibu kwamba funguo zinalala mfukoni mwangu.

Alhamisi asubuhi, mtaani Kadutu, fundi wangu alilala chini ya gari akanionyesha chanzo. Ni kopo jeusi la plastiki lililojaa makaa, kazi yake kunasa mvuke wa petroli unaotoka kwenye tangi. Lilikuwa limekufa.

"Maman, tulikate tu, tuzibe mupira na kijiti," alisema. "Banafanyaka vile kila siku."

Nilikataa katakata. Nilitaka gari zima, si gari lililozibwa mdomo. Ndipo akaniambia kwamba Kamanyola, kule chini bondeni, kuna mama anayeuza vipuri vya magari yaliyopata ajali.

Barabara ya Nyangezi niliipita vioo vyote wazi, vumbi puani na petroli kooni. Kabla ya kuteremka mlima wa Ngomo, dereva wa lori aliyesimama kupoza breki alinishangaa.

"Maman, unashuka Ngomo peke yako?"

"Na weye uko na nani?"

Alicheka, akanipisha. Nikateremka polepole, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hewa tupu, hadi joto la bonde likanipokea.

Kamanyola, Maman Zawadi mwenye vipuri alinikaribisha kwanza kwa bugali na samaki, kisha akavua viatu akaingia kazini. Alifungua kopo langu, akaliinamisha. Petroli ikamwagika chini.

"Makaa imekunywa petroli," alisema. "Hii inapashwa kupata mvuke tu. Nani anatingizaka gari yako ku pompe?"

Sikuhitaji kufikiri. Kwetu mtu akipata mafuta kwenye pompe ya kituo hataki tangi libaki na nafasi hata ya kijiko: anashika paa, anatikisa gari, viputo vinatoka, petroli inajazwa mpaka shingoni. Deo huliazima gari langu kila Jumamosi kwa harusi, na hulitikisa kama anapukutisha mapera. Petroli ilikuwa imepanda hadi kwenye makaa. Nilichukia.

Tulilitoa kopo lingine kwenye gari lililopondwa mbele, aina ileile. Maman Zawadi alilitikisa, likalia kikavu. Alipuliza, akanipa nami nipulize, pumzi ikapita. Mipira ya kupitishia mvuke tuliifunga pamoja.

Ijumaa, njiani kurudi, nilimpakia bibi mmoja Nyangezi na kabichi zake. Alilala usingizi wa kukoroma kiti cha nyuma, vioo vimefungwa. Nilifurahi mno.

Jumapili baada ya misa, Deo alikuja na dereva wake. Aliingia, akanusa, akanusa tena.

"Bon," alisema, "twende tujaze mafuta, njo tutajua."

Kituoni, pompe ilijikata yenyewe. Deo akashuka, akaweka mikono juu ya paa. Niliitoa.

"Hapana, shemeji. Ni weye njo uliliharibisha."

"Muke atanifundisha gari?"

"Muke mwenye gari."

Watu wa foleni waliangua kicheko. Deo akaondoka kwa miguu, koti la misa begani.

Nimejifunza jambo moja katika safari ile: anayekuja kukunyang'anya kitu kwa sababu kimeharibika, muulize kwanza nani alikiharibu. Yule dereva aliyeletwa kuchukua nafasi yangu alibaki amesimama kando ya pompe. Aliniuliza kwa adabu kama ninaelekea mtaa wa Nguba. Nilimwambia apande nyuma.