Mshika Tochi wa Ziwa Duluti

Maji ya Duluti yakitulia, mtumbwi uliofungwa ukingoni unaonekana mara mbili: mmoja juu, mwingine chini yake umepinduka. Hiyo ndiyo picha niliyoihangaikia miaka yote ya ndoa yetu. Wenzangu wa Arusha walipiga picha za harusi wakapata hela ya kula. Mimi nilipenda mitumbwi gizani. Mke wangu alisema nina wazimu, kisha akachukua tochi tukashuka wote kutoka Tengeru.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Naiweka kamera kwenye stendi, inabaki imefumbua jicho muda mrefu, ikikusanya mwanga kidogo kidogo. Yeye anatembea kando ya mtumbwi akiumulika toka mwanzo hadi mwisho. Akisimama, anatokea kwenye picha. Akiendelea kutembea, kamera haimpati. Nikipiga kelele, "Usisimame!" ananijibu kutoka gizani, "We baba, huku kuna matope. Njoo umulike mwenyewe."

Alipofariki, picha iliyotangulia jeneza ilikuwa ile ya kitambulisho, imekuzwa mpaka uso ukapauka. Za harusi zilikuwa za binti mwembamba aliyepakwa poda, na za simu ziliondoka na simu yake, iliyoibwa sokoni. Shemeji mmoja akauliza watu wakisikia, "Yaani mpiga picha mzima hana picha ya mkewe?" Nilitamani kumzaba kofi. Mke wangu alikuwa akielekezewa kamera mchana anageuza uso, na huyo shemeji alijua vizuri.

Mwaka ulipokwisha, wakwe walitaka kujengea kaburi kwao mlimani, kule kwenye migomba. Mama mkwe akanipigia simu kuomba picha ya kuweka kwenye msalaba. "Isiwe ile ya macho makavu," alisema. "Nataka mwanangu mwenyewe."

Nikafungua picha zote za ziwani, nikakuza kila kona yenye giza. Nilitafuta hata kiganja, hata ukingo wa sweta. Hakuna kitu. Alikuwa hodari mno.

Basi jioni moja nikashuka Duluti peke yangu, sijui nafuata nini. Nikafungua kamera, nikakimbilia kwenye mtumbwi na tochi, nikateleza, na hapakuwa na wa kumlalamikia. Picha ikatoka mbaya: mtumbwi umewaka nusu, na mimi mwenyewe simo. Nikakaa pale kwenye nyasi nikalia kwa sauti. Upweke nilikuwa nao nyumbani pia, ila nyumbani kuna majirani.

Siku ya kujengea kaburi nilipeleka picha moja tu, ile nzuri kuliko zote, mtumbwi na mwenzake wa majini, yote miwili inawaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu. "Mtumbwi huu wa nini?"

Nikamweleza kuhusu tochi, kwamba mwanga wote ule ni binti yake aliyeumwaga akitembea.

"Sasa hapa alikuwa wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, upande wa kushoto, penye giza. Akaisogeza picha karibu na macho. Akapafuta pale kwa pindo la kitenge chake, akatazama tena. Kisha akaniuliza kwa upole kama sina nyingine ambamo alisogea karibu kidogo.